Samaki Mwenye Jina la Mume Wangu

Mume wangu, Lucius Gatewood, ni shemasi wa kanisa letu la Mlima Pisga: kichwa kipana, sharubu za kuhesabika, mwendo wa pole, na macho yanayokutazama bila kukuambia lolote. Basi jirani yetu Mzee Hosea Purnell alipobaki na kambare mmoja wa aina ya buluu mwenye sifa hizohizo, hakujisumbua kutafuta jina. Alimwita Shemasi. Alitutangazia Jumapili, mezani kwangu, mdomo umejaa kuku, na watu wote wakacheka isipokuwa mwenye jina. Mimi nilicheka hadi nikajishika mbavu. Tangu siku hiyo, na sasa ni zaidi ya miaka kumi, samaki yule amenisaidia sana katika ndoa. Lucius akilala hadi jua likapanda, namwambia mwenzake ameshakula. Akininunia, namwambia heri mwenzake, akininunia hali mkate wangu.

Lakini samaki mwenyewe hakuwa wa kutaniwa. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya bati jipya lililonyeshewa mvua, na alipopanda juu ulidhani kuna mtu anasukuma gogo kwa chini. Alikuwa mzito kuliko mjukuu wangu wa darasa la pili. Mdomo ule ungemeza mkate mzima usiguse pembeni. Na kwa ukubwa wote huo, Ozella Purnell, binti wa Mzee Hosea, akigonga ndoo mara moja tu ukingoni, samaki alikuja akachukua punje za chakula kiganjani mwake taratibu, kama muumini anayepokea meza ya Bwana. Mimi nimekaa na kambare maisha yangu yote. Nimewakata minofu kiwandani tangu usichana hadi vidole vikakataa, na nimewakaanga kwa unga wa mahindi mara zisizo na idadi. Bado, nilipomtazama Shemasi anakula, nilinyamaza. Anayenijua anajua hilo si jambo dogo.

Ozella ndiye anayeangulisha vifaranga vya samaki pale kwao, kando ya barabara ya kutoka Belzoni kwenda Isola. Baba yake alimfundisha, na alipofariki alimwachia yeye na kaka yake Carlton ardhi na mabwawa yake. Nimeona watu wengi wakishika samaki, sijamwona anayeshika kama Ozella. Anapitisha kidole gumba tumboni mwa jike, macho amefumba, kisha anasema, "Huyu kesho mchana. Huyu bado. Huyu mrudisheni, ameshiba tu." Na inakuwa hivyohivyo. Kila Mei mimi na Lucius tunakwenda kumsaidia. Lucius anabeba vizito. Mimi napaka mabeseni mafuta ya kukaangia ili mayai yasigande, nashika mikia, na nasema yale ambayo wenzangu wanaona haya kuyasema.

Kazi yenyewe ni ushenga. Siku hizi mfugaji wa huku hataki kifaranga cha kambare wa mkondo mtupu, yule mdogo wa kawaida, anataka chotara: mama wa mkondo, baba buluu. Chotara huyo hukua upesi, ugonjwa humpitia mbali, na wavu ukivutwa anakuja bila kujifukia topeni. Tatizo ni kwamba wazazi hawapendani. Uwaweke bwawa moja, watapishana kama mawifi waliogombania urithi. Kwa hiyo lazima mkono wa mtu uingie kati. Jike anapigwa sindano ya kuivisha, anakamuliwa mayai, anarudi majini mzima. Dume hana bahati hiyo. Mbegu za dume la kambare hazikamuliki, mpaka apasuliwe. Anakua miaka na miaka ndipo aive, na akishaiva anakufa siku hiyohiyo. Na jike buluu je? Huyo biashara hii haimtaki kabisa. Anapakiwa lori la kiwanda pamoja na wengine wa kuliwa.

Mzee Hosea alikuwa na desturi, na Ozella ameirithi. Kabla ya kisu, dume hufunikwa macho kwa taulo lililoloweshwa, na mwenye kisu husema, "Asante, baba wa wengi." Carlton alipokuwa kijana aliwahi kuicheka desturi hiyo mbele ya wageni. Mzee alimtoa nje ya banda la kuangulia, akamwambia asirudi mpaka ajue anacheka nini.

Kila Mei Ozella aliyageuza madume yote buluu tumbo juu, akague nani ameiva. Shemasi peke yake ndiye hakugeuzwa.

"Bado hajaiva," alisema Ozella, kama baba yake alivyosema kila mwaka hadi tunamzika.

"Umejuaje, na hujamtazama?"

"Dada Gatewood, shika mkia huo uache maswali."

Nilimwelewa. Ukimtazama ukakuta ameiva, huna ujanja, kisu kinakungoja. Usipomtazama, ana mwaka mwingine.

Sasa Carlton. Anauza matrekta huko Memphis. Si mtu mbaya, ni mtu wa haraka, na mtu wa haraka hawezi kufuga samaki wala kuoka keki. Mwaka jana mayai ya Ozella yaliota ukungu karibu yote, na mwaka juzi mvua kubwa ya mawe ilikata umeme na pampu zikasimama. Mahodhi ya kuangulia yalikaa matupu. Mwaka huu Carlton alikuja mapema na mpima ardhi, wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu juu ya matuta yote ya mabwawa. Kuna mkulima wa jirani aliyetaka kukodi sehemu ile alime soya. Mabwawa mengi ya hapa kwetu yamekwisha hivyo. Unapita palipokuwa na maji na ndege wari weupe, unakuta soya imenyooka kama nywele zilizochanwa.

Carlton alisimama mlangoni mwa banda, sisi tukiwa tunasugua mahodhi.

"Ozella, sitaki ugomvi," alisema. "Nakupa Mei hii. Ukiyajaza mahodhi haya kwa machotara, sigusi bwawa hata moja. Usipoyajaza, buldoza linaingia Juni."

"Baba alisema hapa pakae samaki."

"Baba amepumzika. Sisi ndio tumebaki na matope yake."

"Nikiyajaza machotara," Ozella akamwuliza polepole, "hutageuza maneno?"

"Niyageuze mbele ya shemasi? Huyo hapo, awe shahidi."

Lucius akaitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Ozella akarudi kusugua. Niliona jinsi alivyosugua sehemu moja ileile mpaka nikamwondoa mkono. Yule mwanamke hana mume, hana mtoto, na hana nyumba nyingine. Ana mabwawa yale. Buldoza likiingia halisawazishi matuta tu, linamsawazisha na yeye.

Madume yake buluu yaliyokomaa yalikuwa yamekwisha katika misimu ile miwili ya balaa, kwa hiyo alitafuta mengine buluu kwa mfugaji wa ng'ambo ya mto. Yaliletwa Mei, manene, yanang'aa. Majike ya mkondo yalikuwa yamekwishapigwa sindano, kila moja limening'inizwa kwenye mfuko wake wa wavu ndani ya tangi, na sindano ile ikishaingia haitoki. Mayai yangeshuka kesho yake, pawe na mbegu au pasiwe.

Ozella akafunika macho ya dume la kwanza. "Asante, baba wa wengi." Akapasua. Ndani, mahali ambapo mbegu hukaa nyeupe na nene kama matawi ya koliflawa, palikuwa na kitu chembamba kama uzi wa kushonea. Akapasua la pili. Uzi. La mwisho nalo uzi. Yalikuwa madume machanga yaliyolishwa sana, makubwa ya mwili tu.

Aliosha kisu muda mrefu. Carlton, aliyekuwa amekuja kujionea kwa macho yake, alisimama palepale mlangoni na viatu vyake vya mjini.

"Kuna yule wa Baba," alisema.

Ozella akageuza kisu, akaanza kuosha upande wa pili.

"Si dume? Si ndiye wa akiba? Baba alikuwa anamweka kwa siku gani kama si hii?"

Lucius akakohoa. "Mzee alisema hajaiva."

"Shemasi, samaki yule miaka michache ijayo ataanza kupiga kura."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ozella akakausha mikono kwa aproni yake, kidole kimoja kimoja. "Nitampiga sindano jioni hii," alisema. "Kama ni kufa, asife na mbegu nusu. Kesho ndiyo siku yake."

Jioni ile aliingia bwawani peke yake na suruali yake ya mpira, maji yakamfika kifuani. Akagonga ndoo. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu samaki alikuja. Alikuja kama siku zote, polepole, kichwa kipana mbele, akaweka mdomo kiganjani mwake. Mkono mmoja ulimlisha, wa pili ukamchoma sindano nyuma ya pezi. Samaki akatikisika mara moja, kisha akaendelea kula. Nililia waziwazi, sikujificha. Lucius akanishika bega, akafungua mdomo kama mtu mwenye la kusema, akaufunga tena. Nikadhani ni huzuni.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana ambacho hakuna aliyekila, Ozella alichungulia mifuko ya wavu tangini akaona mayai mawili matatu yamenata kwenye nyuzi. Hiyo ndiyo ishara. Kuanzia hapo hakuna tena kusema subiri.

Tukamzungushia Shemasi wavu. Hakupigana sana. Lucius na Ozella wakambeba kwa turubai, mimi natangulia kufungua milango, na Carlton, bila kuombwa, akaja akashika upande wa mkia. Wakamlaza mezani. Nilikuwa sijamwona mwili mzima nje ya maji. Ubavu ulikuwa mweupe kama ndani ya chaza, na mapezi yalipanuka na kufunga kwa utulivu kana kwamba meza ile ni yake na sisi ndio wageni. Ozella akaloweka taulo, akamfunika macho. Akashika kisu.

"Asante, baba..." alisema, akafuta macho kwa mkono wa shati. Akaanza upya. "Asante, baba wa..."

"Ozella," Carlton akasema. "Kuna kitu kinanimwagikia."

Tukatazama chini. Juu ya viatu vyake vya mjini, na sakafuni, na bado yakidondoka kutoka ukingoni mwa meza, yalikuwa mayai. Makubwa kama punje za mtama, ya rangi ya dhahabu, yanang'aa. Sindano haikuuliza jinsia ya mtu. Imemkuta jike mwenye mayai, imefanya kazi yake.

Ozella akaweka kisu chini. Akapitisha kidole gumba tumboni, macho amefumba, na dhahabu nyingine ikamwagika. Kisha akainua taulo akamtazama samaki usoni.

"Ni mama," alisema. "Miaka yote hii ni mama. Macho yangu yalijua, ni mimi niliyekataa kuyauliza."

Mimi nilicheka. Ilikuwa furaha, na woga unaotoka, na wazimu kidogo. "Lucius!" nikaita. "Njoo uone, mwenzako amejifungua." Nikageuka nimtanie vizuri, na hapo ndipo nilipomwona. Mume wangu hakuwa ameshangaa. Alikuwa anatazama kofia yake.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mzee aliniapisha."

"Wewe? Wa kutumikia meza ya Bwana?"

"Vernell, niache niseme." Lucius akamgeukia Carlton, maana ndiye aliyehusika. "Mwaka ule samaki huyu alipopewa jina, ulikuwa bado unakaa hapa, unasimamia uuzaji. Ulisema majike yote buluu yapande lori la kiwanda, na ulikuwa na haki, hayana kazi. Baba yako akaja kwangu. Akaniambia, Lucius, huyu nimemlisha kwa mkono tangu ana urefu wa kijiko. Dume huku anachinjwa, jike anauzwa. Nimwite nani ili abaki? Nikamwambia, mwite dume, na kila mwaka sema hajaiva. Akafikiri, akasema, basi nitampa jina lako, ili kila ukimwona ukumbuke kufunga mdomo."

Mimi, niliyelitumia jina lile kama fimbo kwa zaidi ya miaka kumi, nikaona fimbo imenirudia.

"Na jana?" nikamwuliza. "Jana ulikuwa unangoja nini, mpaka kisu kiguse?"

"Nilijua Ozella hampasui huyu kabla ya kumgusa tumbo. Mkono wake haujawahi kumkosea jike. Ila leo niliona machozi yanautangulia mkono, nikawa nimeshafungua mdomo kusema, mayai yakaniwahi."

"Na uongo wa miaka yote hii, Shemasi?" nikasema.

"Sijasema uongo hata mara moja. Nilisema Mzee alisema hajaiva. Kama dume, hakuwahi kuiva."

Carlton hakucheka. Mayai yalikuwa yanaanza kukauka viatuni mwake na hakuyafuta. "Ningemuuza," alisema.

"Ungemuuza," Lucius akaitikia. "Ndiyo maana hakukwambia."

"Baba? Baba ambaye hakuwahi kuniachia hata mbwa alale ndani?"

"Huyohuyo."

Ozella alikuwa amekwisha kuondoka katika mazungumzo. Macho yake yalikuwa yanakwenda kutoka mezani hadi tangini, kutoka tangini hadi kwenye mahodhi, na nikaona mgongo wake unanyooka. Naupenda mgongo ule. Ukinyooka hivyo, ni heri utafute cha kushika.

"Mtaulizana baadaye, mayai hayangoji," alisema. "Dada Gatewood, mabeseni yote, yawe makavu, yapake mafuta. Tone la maji likiingia mapema tumekwisha. Shemasi, wewe wa miguu miwili, nenda na Carlton kizimbani kule bwawani, leteni madume mawili yenye vichwa vipana."

"Wa mkondo?" Carlton akauliza.

"Wa mkondo, wamejaa tele. Leo tunaigeuza ndoa. Mama buluu, baba wa mkondo."

"Inawezekana?"

"Inawezekana siku zote. Watu hawafanyi kwa sababu mama buluu huchukua miaka mingi kukomaa, na nani ana subira hiyo?" Akaangalia samaki mezani. "Baba alikuwa nayo."

Ningeweza kukaa mwaka mzima nikisimulia alivyofanya kazi mchana ule. Alimkamua Shemasi kwa kiganja, kutoka kifuani kuelekea mkiani, bila nguvu, kama mtu anayemlaza mtoto, na mayai yakashuka katika beseni langu mfululizo bila tone la damu. Beseni likajaa. La pili likajaa. La tatu nililipaka mafuta mbiombio. Mabeseni yalipokwisha nilikimbilia jikoni kwake nikaleta sufuria ya uji wa asubuhi, nikaifuta hadi ikalia. Samaki alitulia muda wote, sharubu zikicheza tu. Alipokwisha kukamuliwa, tumbo limelegea kama mfuko mtupu, Ozella na Lucius wakamrudisha bwawani, na Ozella akamshikilia majini mikononi mwake mpaka mkia ulipoamua wenyewe kuondoka.

Madume wawili wa mkondo wakafunikwa macho, wakashukuriwa, wakafa. Hilo silifichi, ndiyo kazi. Ndani yao mbegu zilikuwa nyeupe na nene. Ozella akazisaga kwenye chujio, akazichanganya na maji ya chumvi, akazimimina juu ya dhahabu ile, kisha akaongeza maji ya kisima, akakoroga kwa unyoya wa bata mzinga. Mimi nikatia udongo laini ili mayai yasishikane yakawa donge. Mayai ya wale majike wa mifukoni tukayapa mbegu hizohizo, yakawa ya kawaida tu, yakakaa katika hodhi moja pembeni. Mahodhi mengine yote yalijazwa na samaki mmoja. Lucius akawasha mota, na makasia yakaanza kuzunguka juu ya mayai, fyu, fyu, kama baba kambare anavyopepea kiota kwa mkia wake.

Carlton alisema anarudi Memphis jioni hiyo. Hakurudi. Kesho yake akapiga simu kazini kusema ana shughuli ya familia, akavaa viatu vya mpira vya marehemu baba yake, vikamtosha. Ozella akampa kijiko na kazi ya kutoa mayai yaliyokufa, yale meupe, kabla ukungu haujaruka kwa wenzao. Nilimtazama mtu wa haraka akiinama juu ya hodhi kutwa nzima, yai kwa yai, akisema peke yake, "Wewe mzima, wewe mzima, wewe toka." Dhahabu ikageuka waridi, kisha ndani ya kila yai vikatokea vidoti viwili vyeusi. Macho. Carlton aliniita nije nione kana kwamba mimi sijawahi kuona yai la samaki.

Vifaranga walipoanguliwa, walijikusanya pembeni mwa mahodhi kama mazulia mekundu yanayotetemeka. Ozella alisimama katikati ya banda, mikono kiunoni. Alikuwa amekonda wiki ile, na sijawahi kumwona mzuri hivyo.

"Ulisema nijaze machotara," alimwambia kaka yake. "Hukusema nani awe mama."

"Sikusema," Carlton akakubali.

"Na mimi sitakudanganya. Watu wanasema wa ndoa hii hawakui sawa, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Sitawauza kwa jina lisilo lao. Nitawalea hapa niwaone kwa macho yangu, na inachukua muda."

"Muda gani?"

"Carlton."

"Nimeuliza tu."

Akatoka nje. Baadaye kidogo Lucius akanigusa kiwiko, tukachungulia dirishani. Carlton alikuwa juu ya tuta, kwenye jua lile la mvuke, anang'oa vijiti vyenye utepe mwekundu, kimoja baada ya kingine, anavibeba kwapani. Aliviacha katika bwawa la mwisho tu, lile la kando ya mfereji. Nikamwonyesha Ozella.

"Lile linavuja," alisema Ozella. "Hata Baba angelima soya."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa akafunika uso kwa aproni, na mabega yakawa yanakwenda juu na chini. Nilimwacha alie. Alikuwa na haki ya kulia tangu Aprili.

Carlton alishuka hadi bwawa la karibu na nyumba, akaweka mzigo wake wa vijiti chini, akagonga ndoo. Maji yalitulia. Akagonga tena.

"Amechoka," nikampigia kelele kutoka dirishani. "Amejifungua uzeeni, mwache apumzike."

Samaki hakuniacha nimalize. Mgongo ule wa bati ulikuwa umepanda, polepole, gogo linasukumwa kwa chini. Carlton akapiga magoti matopeni akatandaza kiganja, na samaki akachukua punje zake. Ndipo nilipomwona anavua kofia. Kutoka pale nilipokuwa sikusikia alichosema, ila Lucius, mwenye masikio ya kusikia wanaonong'ona ibadani, alisikia, akainama kuniambia.

"Amesema, asante, mama wa wengi."

Jioni tulikula kwa Ozella, kambare wa kukaanga na mboga za majani, sote wanne. Carlton akasema samaki hawezi kuendelea kuitwa Shemasi, ni aibu kwa mama mzima. Kila mtu akapendekeza jina. Mume wangu alitafuna hadi akameza, akanywa chai yake ya barafu, akaweka glasi chini.

"Mwiteni Vernell," alisema.

Meza nzima ilicheka isipokuwa mwenye jina. Tangu siku ile nikichelewa kuamka, naambiwa mwenzangu ameshakula. Nikinuna, naambiwa mwenzangu naye hununa, lakini kimya. Nami najifanya nimeudhika, maana Lucius amengoja zamu yake muda mrefu na sina moyo wa kumnyima.